In the Court of the Crimson King: ununue toleo lipi?

Albamu ya kwanza ya King Crimson, kikundi cha roki cha Uingereza, ilitoka tarehe 10 Oktoba 1969. Tangu hapo imetolewa upya mara nyingi mno, na anayeitafuta leo hukuta matoleo mengi yenye jalada lilelile: ule uso mwekundu unaopiga ukelele, kazi ya Barry Godber, aliyefariki Februari 1970 albamu ikiwa bado mpya madukani. Jalada halitakusaidia kuchagua. Wala mwaka wa chapa peke yake hautoshi. Cha kuuliza ni kimoja: sauti imetolewa kwenye kanda ipi?

Albamu ilirekodiwa katika studio ya Wessex, London, kwa mashine ya treki 8, yaani inayorekodi njia nane za sauti kando kando kwenye kanda moja. Walianza na prodyuza Tony Clarke, aliyekuwa akifanya kazi na Moody Blues, lakini hawakuafikiana, kikundi kikashika usukani chenyewe, Robin Thompson akiwa injinia. Kazi ilipokwisha ndipo ikagundulika kwamba mashine ya stereo iliyopokea miksi ya mwisho, yaani treki zote zikiwa zimeunganishwa, ilikuwa na kasoro: vichwa vyake vya kurekodia havikukaa sawa.

Hapo ndipo penye mzizi wa malalamiko yote kuhusu sauti ya albamu hii. Kichwa cha kurekodia kinapaswa kukaa wima kabisa mbele ya kanda inayopita. Kikiinama hata kidogo, kanda ikija kuchezwa kwenye mashine nyingine iliyosetiwa vizuri, sauti za juu huwa zinapishana badala ya kufika pamoja, nyingine zinafutana. Matoazi yanafifia, filimbi inakosa pumzi. Wakati toleo la Marekani la Atlantic likiandaliwa, ilitengenezwa nakala maalumu ya kurekebisha kasoro hiyo, kisha kanda mama, ile ya asili ya stereo, ikawekwa stoo na kusahaulika. Nakala ya kanda kwa kanda huongeza mvumo wa nyuma kwa takriban desibeli 3 hata ikifanywa vizuri. CD za miaka ya 1980 na 1990 zilitokana na nakala za namna hiyo, nyingine ni nakala ya nakala. Ukiona CD ya kipindi hicho kwa bei ya kutupa, iache tu, labda kama unakusanya majalada.

Kanda mama ilipatikana baadaye, na mwaka 2004 likatoka toleo lililosafishwa na Simon Heyworth kutokana nayo. Ukitaka kusikia miksi ya 1969 kama ilivyofanywa, ndilo hili. Tofauti inasikika mapema kabisa kwenye “I Talk to the Wind”: filimbi ya Ian McDonald ina hewa, na vigongo vya Michael Giles, mpiga drams, juu ya matoazi vinahesabika kimoja kimoja. Mikwaruzo iliyomo kwenye “21st Century Schizoid Man” haikuondoka yote, kwa sababu mingine imo kwenye kanda yenyewe. Ila usichanganye mambo mawili: sauti ya mwimbaji Greg Lake kwenye wimbo huo imekwaruzwa kwa makusudi. Hakuna toleo litakalokupa sauti yake ikiwa safi pale, na spika zako hazina ugonjwa.

Mwaka 2009 mwanamuziki Steven Wilson na Robert Fripp, mpiga gitaa wa kikundi, walirudi nyuma zaidi, hadi kwenye kanda za treki 8, wakamiksi upya kwa stereo na kwa spika tano na sabufa. Faida yake ni hii. Treki 8 hazikutosha kwa tabaka zote za Mellotron, kinanda kinachocheza sauti za vyombo zilizorekodiwa kwenye kanda, kwa hiyo mwaka 1969 ilibidi vyombo kadhaa vikusanywe na kuhamishiwa kwenye kanda nyingine ili kupata nafasi ya kuendelea, na kila uhamisho ulikula ubora. Wilson alizipanga kanda za mwanzo zikaenda sambamba, akatumia kila chombo kutoka pale kilipoingia mara ya kwanza. Sikiliza “Epitaph” kwa hedifoni. Kwenye miksi ya zamani Mellotron ni ukuta mmoja nyuma ya mwimbaji. Kwenye hii ya 2009 unasikia tabaka zikiingia moja baada ya nyingine, na gitaa la Fripp lisilo la umeme lina mahali pake badala ya kuzama katikati.

Hata hivyo miksi hii haifuti ile ya zamani, na sababu kubwa ni “Moonchild”. Miksi ya asili ina dakika 12 na kidogo. Dakika mbili na ushee za mwanzo ni wimbo wenye maneno, zilizobaki ni wanamuziki watatu wakibuni papo hapo kwa sauti ndogo sana: gitaa, vibrafoni, drams. Mwaka 2009 Fripp aliikata sehemu hiyo, wimbo ukabaki na dakika 9 hivi. Wengi wanaona imekuwa nafuu. Mimi naona ni hasara. Utulivu ule mrefu ndio unaoupa wimbo wa mwisho, “The Court of the Crimson King”, nguvu: drams za Giles zinapofungua njia na Mellotron ikafurika, unashtuka, na hushtuki hivyo kama hukusubiri vya kutosha. Urefu huo pia ni kipimo kizuri cha kutambua unachouziwa au unachosikiliza kwenye intaneti. “Moonchild” ikiwa dakika 12 mahali pake kwenye albamu, si kwenye nyongeza, kwa kawaida hiyo ni miksi ya 1969. Ikiwa 9, ni ya 2009.

Kwa hiyo kwa mtu anayetaka kununua mara moja, pendekezo langu ni seti ya CD mbili ya 2009. Ya kwanza ina miksi mpya, ya pili ina masta ya 2004, yaani lile toleo la Heyworth, na “Moonchild” kamili imewekwa kwenye nyongeza. Humo pia kuna “Wind Session”, ambamo unawasikia wakitafuta ule mvumo wa pumzi za kinanda unaotangulia “Schizoid Man”. Kuna seti ya CD na DVD kwa wenye mfumo wa spika tano. Kama huna mfumo huo, usilipie DVD.

Mvumo huo wa mwanzo una mtego wake. Ni mdogo sana, karibu nusu dakika, na msikilizaji mgeni hudhani kuna kitu hakifanyi kazi, anapandisha sauti. Halafu gitaa, saksafoni na besi zinaingia kwa pamoja kwa kishindo. Seti sauti kwa wimbo wa pili, kisha rudi mwanzo. Kwenye simu au kompyuta, zima mpangilio unaosawazisha sauti ya kila wimbo peke yake, kwa sababu utaipandisha “Moonchild” hadi uanze kusikia mvumo wa kanda badala ya muziki. Kama programu yako inaruhusu kusawazisha kwa albamu nzima, chagua hiyo. Na hakikisha haiweki ukimya kati ya nyimbo: “Schizoid Man” inakatika ghafla katikati ya vurugu na filimbi inaingia palepale. Sekunde mbili za ukimya zinaharibu kabisa.

Santuri ni habari nyingine. Chapa ya kwanza ya Uingereza ni Island ILPS 9111 yenye lebo ya rangi ya waridi, jalada la kukunjuka. Ikiwa lebo ina picha ya mnazi na waridi imebaki ukingoni tu, hiyo ni chapa ya baadaye, usilipe bei ya kwanza. Kila upande unabeba dakika 22 hivi, na umaliziaji mzito wa wimbo wa mwisho uko karibu kabisa na kitovu, mahali ambapo sindano hupata shida zaidi. Kabla ya kununua iliyotumika, omba uchezewe dakika mbili za mwisho za upande B, pale ambapo wimbo unajifanya umekwisha, kinanda kidogo kinarudia sauti yake, kisha bendi nzima inarudi. Ikikwaruza hapo kwenye sindano nzuri, imeshachakaa. Chapa ya 2010 ya gramu 200 inatokana na masta ya 2004, na kwa kusikiliza kila siku ni bora kuliko ya kwanza iliyochoka.

Wilson alimiksi tena mwaka 2019, na kwa spika tano miksi hiyo iko wazi kuliko ya 2009. Kwa stereo pengo ni dogo. Lile boksi la diski 26 la mwaka 2020, lenye miksi ya Dolby Atmos (sauti inayokuzunguka hadi juu), limekusanya rekodi za kikundi za 1969: vipande vya studioni na maonyesho. Linamfaa anayetaka kufuatilia jinsi kila wimbo ulivyojengwa. Kwa albamu yenyewe, zile CD mbili za 2009 zinatosha.