Eksrei ya mgongo kwa dachshund kabla ya kupandisha, mimi naipa nyota zote

Jamani kama unafuga dachshund, wale mbwa wa miguu mifupi na mgongo mrefu, huku Uingereza na una mpango wa kupandisha, usianze kutafuta dume kabla hujapitia hii skimu ya Kennel Club, chama cha mbwa wa ukoo cha huku, ya kupima diski za mgongo, yaani zile sahani laini katikati ya pingili. Jike wangu Tausi, wa saizi ndogo manyoya marefu, ameshapita, na kwa vile Wabongo na Wakenya wenzangu wanaofuga huku wananiuliza sana kama inafaa hela yake, jibu langu ni ndiyo, tena sana.

Inavyokwenda ni hivi, mbwa awe na umri wa miezi 24 mpaka 48, kwa sababu akiwa mdogo chokaa kwenye diski haijajitokeza vizuri na akizeeka nyingine hufifia, basi anapigwa dawa ya kulala, analazwa ubavu, wanapiga picha uti wa mgongo vipande vipande halafu picha zinakwenda kwa wataalamu wanahesabu diski zilizoganda chokaa. Bila hata moja ni gredi 0, moja au mbili ni gredi 1, tatu au nne gredi 2, kuanzia tano ni gredi 3 na huyo unashauriwa usimpandishe kabisa. Tausi kapata 1. Daktari alinionyesha kwenye skrini, katikati ya pingili mbili kuna kidoa cheupe kama punje ya mchele, ukishakiona hicho huwezi tena kumwangalia mbwa wako akiruka kutoka kwenye sofa ukatulia.

Wengine wanasema si bora kipimo cha DNA tu. Kwa macho sawa, kile cha cord1, ugonjwa wa kurithi wa macho, fanya, ni muhimu kwa hawa wa saizi ndogo. Ila kwa mgongo, ile jeni inayoharibu diski karibu dachshund wote wanayo, ukisema uwatoe wote wenye nayo utabaki na nani? Kinachowatofautisha ni wingi wa diski zilizoganda, na hilo linarithiwa kwa kiasi kikubwa, Wadenmaki na Wafini walishalifanyia kazi zamani. Na tusisahau takriban mmoja kati ya wanne wa aina hii hupata shida ya mgongo maishani, wengine miguu ya nyuma inapooza kabisa.

Ndiyo maana nilimwacha dume mmoja mwenye sifa kubwa kwenye shoo, kichwa kizuri, mwendo mzuri, lakini mwenye mbwa hataki kusikia habari ya eksrei. Nimechukua wa gredi 0 ambaye kifua chake hakijakaa nilivyotaka, kifua nitakirekebisha kizazi kinachofuata, mgongo siwezi kuucheza bahati nasibu. Pia nilipiga hesabu ya undugu wao kwenye kikokotoo cha bure cha Kennel Club, maana watu wakipenda bingwa mmoja wanamrudia mpaka ukoo mzima unakuwa wa baba mmoja, na ukipandisha ndugu wa baba mmoja tayari uko 12.5%, yaani uwezekano wa mtoto kurithi nakala ileile ya jeni kutoka kwa wazazi wote wawili.

Kasoro ipo. Eksrei unailipia kliniki na kila mmoja ana bei yake, ya kwanza niliyouliza hata mkao wa picha hawakuujua wakataka kupiga moja tu ya mgongo mzima, nikaondoka. Uliza kabla hujalipa, na uwapelekee mwongozo wa picha wausome. Halafu gredi 0 si kinga, mbwa wa 0 naye anaweza kuumwa mgongo, uwezekano tu unapungua.

Vitoto vya Tausi vikizaliwa, kila mkataba wa mnunuzi utakuwa na kipengele kwamba mbwa akifika miaka miwili apigwe eksrei, nusu ya gharama natoa mimi, na matokeo yaende kwenye skimu hata yakiwa mabaya, maana nikiwajua wale niliobaki nao nyumbani peke yao ukoo wangu bado sijaujua.