Chumba cha seva kimepoa, lakini hawa mafundi wa paneli siwarudii (labda)

Kwanza nisiwadhulumu: chumba kimepoa. Mimi ndiye ninayeangalia mitambo ya sacco moja hapa Kisumu, na aliyewahi kukaa mjini hapa saa nane mchana anajua joto letu. Kiyoyozi kilikuwa kimewekwa nyuzi 18 na kinanguruma kutwa nzima, na bado seva (kompyuta za kutunzia rekodi) za juu kabatini zinavuta hewa ya 31. Kosa halikuwa la kiyoyozi. Seva huvuta hewa baridi kwa mbele na kutema ya moto kwa nyuma. Pasipo kizuizi, ile ya moto hupanda, ikapita juu ya makabati na kurudi mbele. Ndiyo maana watu hujenga kuta na dari ya plastiki angavu kuzunguka njia ya hewa baridi. Ukishaitenganisha unaweza hata kupandisha kiyoyozi ukaokoa stima, kwa sababu seva haihitaji kukaa kwenye friji. ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya 18 na 27.

Sasa tuje kwa hawa jamaa niliowapa kazi ya kujenga hizo kuta na dari. Jina silitaji. Kotesheni yao iliandika polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, na mimi mwenyewe nililipigia mstari neno hilo kabla ya kulipa nusu. Wakaahirisha, wakaahirisha tena, hatimaye wakaja. Paneli zikaingia zikiwa zimeshabanduliwa ile nailoni ya kiwandani inayobeba jina la bidhaa. Nikanyamaza. Kijana aliyekuja kufunga alikuwa na adabu, anapima mara mbili kabla ya kukata, anauliza, "Madam, nifagie hapa kwanza?" Halafu akatoboa tundu la skrubu karibu na ukingo, na paneli ikapasuka kutoka tundu hadi pembeni.

Polikaboneti haipasuki kirahisi hivyo. Ndiyo inayotengenezewa ngao za polisi wa kutuliza ghasia, na sisi wa Kisumu tumeziona ngao hizo kwa karibu kuliko tulivyotaka. Nikaokota kipande kilichobaki, nikateremka nacho kwenye maegesho, nikamwomba soja kibiriti. Polikaboneti kwa kawaida ukiiondolea moto huzimika yenyewe. Hii iliendelea kuwaka, inatatarika, inadondosha matone ya moto kwenye saruji. Akriliki hiyo, plastiki ya aina nyingine. Kwa meza ya mapokezi, sawa. Lakini juu ya makabati yenye umeme, ndani ya chumba kilicho na rekodi za akiba za watu?

Nikampigia mwenye kampuni. Nilikuwa mpole, nawaapia. Akanisikiliza kidogo tu, akasema: "Madam, wewe ni mtu wa kompyuta, mambo ya plastiki tuachie sisi. Plastiki ni plastiki." Nikamwambia nimeichoma na imewaka. Akacheka! Kisha akaongeza, "Kama kuna mkubwa wako hapo karibu, hebu mpe simu niongee naye."

Mkubwa wangu. Sahihi kwenye oda ni yangu. Pesa aliyopokea niliidhinisha mimi. Nimekaa nikilitafakari hilo neno la mkubwa usiku kucha, na bado linaniwasha kuliko hiyo akriliki. Angeniambia polikaboneti imeadimika ningemwelewa, mzigo huchelewa, tunajua. Lakini kuuziwa kitu kingine halafu uulizwe mwanaume yuko wapi?

Haya, nirudi kwenye kazi. Thermometa ya juu kabatini sasa inasoma 24, na kiyoyozi nimekipandisha hadi 22. Sitakataa, nilifurahi. Ingawa nikitazama vizuri, nadhani kilichofanya kazi kubwa ni vile vifuniko vidogo vya plastiki vinavyoziba nafasi tupu kati ya seva na seva. Havihitaji skrubu, unabana kwa mkono tu, na ndivyo vilivyokuwa vya bei rahisi kuliko vyote kwenye kotesheni. Ukiwa na chumba kidogo, anza na hivyo na pazia la plastiki la vipande kama lile la mlango wa chumba cha nyama. Dari isubiri. Hapo nilikuwa naelekea kuwapa nyota tatu.

Kisha nikainua macho. Hiyo dari yao imepita chini kabisa ya pua ya gesi ya kuzimia moto. Gesi ikifunguka itamwagika juu ya plastiki, na seva ziko chini yake. Wenye ujuzi hupanga pua upya, ama hutumia paneli zinazoachia na kushuka joto likizidi. Hawa waliona pua, wakapima, wakafunika. Kwa hiyo nina paneli inayowaka, na imeziba kile ambacho kingeuzima moto wake. Nyota moja, na hiyo ni ya vifuniko.

Yule kijana akifungua kazi yake mwenyewe nitamwita kesho yake. Mwajiri wake ameanza kutuma ujumbe wa salamu, anaulizia salio. Salio lipo. Alete polikaboneti ikiwa bado na nailoni yake, pamoja na cheti cha kupimwa moto, aje aisogeze na hiyo dari. Nitampokea langoni, na kibiriti nitakuwa nacho.