Tathmini: Flotila ya Kwanza ya Ujerumani, Chombo kwa Chombo

Mjadala wa manowari ukizuka Nairobi, watu hukimbilia mizinga na makombora. Lakini mnunuzi makini wa gari la mtumba Ngong Road haanzi na redio. Hufungua boneti, huchungulia chini kama mafuta yanavuja, kisha huuliza vipuri vinapatikana wapi. Kwa jicho hilohilo tumeikagua Einsatzflottille 1, flotila, yaani kundi la meli chini ya kamandi moja, ya Jeshi la Wanamaji la Ujerumani iliyoundwa Oktoba 2006, makao yake Kiel. Humo mna korveti (meli ndogo za kivita), nyambizi, meli za kusaka mabomu ya majini, meli za kunasa mawasiliano, meli za kuhudumia nyingine, na askari wa majini. Frigeti, meli za kivita zilizo kubwa kuliko korveti, ziko flotila ya pili, Wilhelmshaven, na hazimo humu.

Kabla ya namba yoyote, fahamu kwamba vyombo hivi vingi vilibuniwa Bahari ya Baltiki ikiwa akilini. Kina chake kwa wastani ni mita 55 hivi, bandari ziko karibu karibu, na chombo kikiharibika kinaweza kuvutwa nyumbani upesi. Anayeviwazia huku kwetu, ambako kusi huitimua bahari miezi kadhaa kwa mwaka, asome kila sifa akikumbuka hilo.

Tuanze na korveti aina ya K130. Tano za kwanza ni Braunschweig, Magdeburg, Erfurt, Oldenburg na Ludwigshafen am Rhein, na Braunschweig ndiyo iliyotangulia kuingia kazini, Aprili 2008. Ukililaza chini jengo la KICC la Nairobi, lenye mita 105, korveti hii ya mita 89 inakaribia kulifikia. Uzito wake ni tani 1,840 hivi, na sehemu inayozama majini ni mita 3.4 tu, sifa kubwa kwa anayetaka kupita kwenye maji haba. Injini mbili za dizeli za MTU hutoa megawati 14.8 kwa jumla na kuisukuma zaidi ya maili 26 za baharini kwa saa, yaani kama kilomita 48.

Kwa silaha haina aibu. Ina makombora manne ya RBS15 Mk3, yanayofika kilomita 200 hivi na kuweza kupiga shabaha ya baharini au ya nchi kavu. Ina mitambo miwili ya RAM, kila mmoja na makombora 21 ya kuzuia kombora linaloingia. Mbele kuna mzinga wa milimita 76, ukubwa uleule wa ule ulio kwenye meli za kivita za Kenya, KNS Nyayo na KNS Umoja, na pembeni mizinga miwili ya milimita 27 inayoelekezwa na mtu aliyekaa ndani. Pengo lake liko chini ya maji, kwa kuwa hizi tano za kwanza hazikupewa sonari (chombo cha kutambua vitu majini kwa sauti) wala silaha ya kuwindia nyambizi. Nyuma helikopta inaweza kutua, lakini banda lililopo ni la droni. Helikopta haitoshi kuingia, kwa hiyo haiwezi kulala humo wala kufanyiwa matengenezo ya maana.

Sasa piga hesabu ambayo vipeperushi vya wauzaji huipita mbio. K130 ina mafuta ya kwenda maili 4,000 za baharini kwa mwendo wa maili 15 kwa saa. Hizo ni saa 267, siku 11 na ushei. Lakini muda iliopangiwa kukaa baharini bila kuhudumiwa ni siku 7. Maana yake mafuta bado yapo, ila chakula, nafasi ya kuhifadhi vitu na nguvu za watu ndivyo vinavyoisha kwanza. Kutoka Mombasa hadi Mogadishu ni takriban maili 500 za baharini, yaani saa 33 kwa mwendo huo. Ukienda na kurudi umekula karibu siku 3 kati ya 7, na doria yenyewe inabaki siku 4. Huo ndio muda unaonunua.

Mabaharia ni kama 60, wachache kwa meli ya ukubwa huo, na uchache huo ni wa makusudi, kwani mitambo mingi inajiendesha. Kwenye mshahara ni nafuu. Kwenye ajali ni tatizo, kwa sababu moto ukizuka chumba cha injini, kundi la kuuzima, la kuziba maji, la kuhudumia majeruhi na la kuendesha meli yote yanatoka kwenye watu haohao 60. Matengenezo nayo hayawezi kufanywa njiani kwa kiwango cha meli zenye watu wengi. Husubiri gati. Mwenye kupunguza mabaharia lazima aongeze mafundi wa bandarini, la sivyo kazi haikupungua, imelimbikizwa.

Na kasoro zilikuwepo. Meli zilipoanza kazi, giaboksi ziligundulika na hitilafu na korveti zikakaa muda mrefu zikirekebishwa. Giaboksi ndiyo inayogeuza mzunguko wa kasi wa injini kuwa mzunguko wa polepole wenye nguvu kwenye rafadha. Ikitoa chembe moja ya chuma ndani ya mafuta yake, chembe hiyo husaga meno ya gia, meno hutoa chembe nyingine, na uharibifu huzaana. Ndiyo maana mkaguzi wa meli yoyote huomba sampuli ya mafuta ya giaboksi kabla hajatazama mzinga. Korveti tano za pili, ambazo ni Köln, Emden, Karlsruhe, Augsburg na Lübeck, ziliagizwa 2017. Zilizochelewa huko si bodi za meli, ni mfumo wa kompyuta unaounganisha rada, silaha na mawasiliano. Meli ilielea gatini ikiwa nzima kwa macho, huku akili yake haijakamilika.

Hapo ndipo meli ya kuhudumia inapoingia, na kwetu sisi ndiyo chombo kinachodharauliwa kuliko vyote wakati hakistahili. Ujerumani inazo sita za aina ya 404: Elbe, Mosel, Rhein, Werra, Main na Donau, zilizoanza kazi miaka ya 1990. Kila moja ina urefu wa mita 100 hivi, imeizidi hata korveti inayoilisha. Hubeba mafuta, maji safi, chakula, risasi, vipuri, na makontena ambayo ndani yake ni karakana. Korveti ikipata huduma hiyo, siku zake 7 huwa 21. Rudia ile hesabu ya Mogadishu na utaona siku 4 za doria zimekuwa 18. Hakuna kombora linaloweza kukupa nyongeza hiyo. Udhaifu wake ni kwamba haina silaha za maana, kwa hiyo panapokuwa na hatari lazima ilindwe na wale inaowalisha.

Nyambizi aina ya 212A ni kazi ya fundi wa kweli, tunakiri bila kusita. Ziko sita, U31 hadi U36, na U31 iliingia kazini Oktoba 2005. Urefu ni mita 56 hadi 57, na watu ndani ni 28. Matatu ya abiria 33 ingewabeba wote na viti vibaki. Mirija ya kurushia torpedo, makombora yanayokwenda chini ya maji, ni sita, akiba ni torpedo 13, na bodi imetengenezwa kwa chuma cha pua kisichovutwa na sumaku, ili mabomu na vifaa vinavyonusa sumaku visiishtukie. Nyuma mapezi ya usukani yamepangwa kwa umbo la X. Faida yake inaonekana kwenye maji haba, kwa kuwa ncha za mapezi hazigusi mchanga chombo kinapolala chini, na nyambizi hii hufanya kazi hata kwenye kina cha mita 17.

Ubora wake mkuu uko kwenye umeme. Nyambizi ya kawaida huchaji betri kwa dizeli, na dizeli haiwaki bila hewa, hivyo hulazimika kuchomoza bomba juu ya maji na kuonekana. 212A ina dizeli vilevile, lakini pia ina seli zinazounganisha haidrojeni na oksijeni zikatoa umeme, joto na maji tu. Hakuna mlipuko, hakuna moshi, na hakuna pistoni inayopiga kelele. Mwaka 2013 U32 ilikaa chini ya maji siku 18 mfululizo ikivuka Atlantiki.

Tazama haidrojeni inavyotunzwa. Haiwekwi kwenye chupa kama gesi ya kupikia, wala haigandishwi kuwa kimiminika. Huingizwa ndani ya silinda zilizojaa unga wa metali, metali ikainywa kama sifongo inavyonywa maji. Silinda hizo zimepangwa nje ya bodi ya ndani inayobeba shinikizo, ili ikivuja isikutane na watu. Metali inaponywa haidrojeni hutoa joto. Kwa hiyo wakati wa kujaza lazima silinda zipoozwe kwa maji, na zisipopoozwa vizuri, ujazaji hupungua kasi hadi karibu kusimama. Kinyume chake, ili haidrojeni itoke lazima silinda zipashwe, na joto hilo hutoka kwenye seli zenyewe zinapofanya kazi. Mzunguko umejitosheleza, ila gati linahitaji haidrojeni safi sana, oksijeni ya kimiminika, mfumo wa kupoozea na watu waliofunzwa. Oksijeni ya kimiminika tunaijua, iko kwenye matangi makubwa ya hospitali kadhaa za Nairobi. Kituo cha haidrojeni ya kujazia nyambizi ni mradi mwingine kabisa, na bei yake haimo kwenye bei ya nyambizi.

Kisha vipuri. Oktoba 2017, U35 iligonga mwamba karibu na pwani ya Norwei na pezi la usukani likaharibika. Kufikia mwisho wa mwaka huo, hata nyambizi moja kati ya sita haikuwa tayari kwenda kazini. Nyingine zilikuwa kwenye matengenezo au zikisubiri vifaa, kwa sababu akiba ya vipuri ilikuwa imepunguzwa miaka ya nyuma ili kubana matumizi. Pezi la 212A halitafutwi Kirinyaga Road. Huagizwa, hutengenezwa na husubiriwa. Ikiwa nchi inayotengeneza nyambizi yenyewe ilifika hapo, mnunuzi wa mbali aongeze miezi kwenye kila makadirio.

Meli za kusaka mabomu, aina ya Frankenthal, zina mita 54 na bodi ya chuma kisicho na sumaku. Kazi yake huenda kwa hatua. Meli husogea polepole sonari ikipekua sakafu ya bahari. Kitu kikionekana, umbo na kivuli chake hulinganishwa na mabomu yanayojulikana. Kikitiliwa shaka, hutumwa droni ndogo iitwayo Seefuchs, yenye urefu wa mita 1.3 na uzito wa kilo 40 hivi, ikivuta nyuma yake uzi mwembamba wa kioo unaorudisha picha. Likithibitika ni bomu, hutumwa Seefuchs ya pili yenye baruti, ikakaribia, ikalipuka pamoja nalo. Au mzamiaji huenda kwa mkono. Linaloharibu kazi hii ni matope yanayofunika bomu hadi sonari isilione, na mkondo mkali unaoisukuma droni kando.

Kwa msomaji wa Nairobi, hiki ndicho chombo tungekipa alama ya juu. Petroli inayouzwa mjini na makontena yanayoshushwa Embakasi, karibu yote yamepita mlango mmoja mwembamba wa Kilindini. Bomu moja hapo, au hata tetesi ya bomu, na kampuni za bima zitazuia meli kuingia hadi mtu athibitishe kuwa njia ni salama. Droni za aina hii zinaweza kufanya kazi kutoka meli ndogo isiyo ya vita, hivyo si lazima kununua Frankenthal nzima.

Meli za kunasa mawasiliano, Alster, Oste na Oker, tunazipita haraka, kwa kuwa ni masikio yanayoelea na faida yake hutegemea wachambuzi walio nchi kavu. Kikosi cha askari wa majini, Seebataillon, kiliundwa Aprili 2014 huko Eckernförde, na kina wazamiaji, wategua mabomu na makundi ya kupanda meli zinazoshukiwa. Kazi ya namna hiyo tumeiona matokeo yake huku. Machi 2009 frigeti Rheinland-Pfalz ilikabidhi washukiwa tisa wa uharamia Mombasa.

Atakayeketi na muuzaji wa vyombo kama hivi aulize haya, na ayatake kwa maandishi. Ni vipuri gani vitakavyokuwa ghalani Mtongwe, kambi ya wanamaji Mombasa, siku meli inafika, kwa idadi, pamoja na pezi la usukani na seti ya gia? Programu ya mfumo wa mapigano ni ya nani, na nani anaruhusiwa kuirekebisha? Pampu za maji ya kupoozea zimejaribiwa kwa maji ya bahari ya nyuzi 30? Na kila mwezi wa kuchelewa utalipiwa na nani? KNS Jasiri, meli yetu ya kivita, iliagizwa 2003 ikafika 2012.