Baiskeli ya kukodi, Kisumu hadi Rusinga: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza kila ninapomwonyesha mtu picha. Nilikodi Kisumu, kwa safari ya hadi kisiwa cha Rusinga, kwa shilingi 1,200 kwa siku. Humo mna helmeti, pampu, kufuli na mikoba miwili ya kuning'iniza kwenye keria. Amana ni shilingi 5,000, unarudishiwa ukirejesha baiskeli ikiwa nzima, na wanabaki na nakala ya kitambulisho. Jina la duka nitaliacha, kwa sababu sifa ninazo na lawama pia ninazo.

Mimi ni wa Nakuru. Kwetu ukitaja baiskeli ya starehe watu wanafikiria Hell's Gate: unakodi karibu na geti, unapita katikati ya pundamilia na swara, jioni unarudisha. Raha ipo, ila ni ya mchana mmoja. Na ukisema uifuate barabara kuu kuelekea Elementaita, malori ya Nairobi yatakutoa roho. Nilitaka safari ya kulala njiani, mwendo wa pole, Ziwa Victoria likiwa karibu na vilima visivyonitoa ulimi nje. Dada yangu ameolewa Seme, magharibi mwa Kisumu, na ndiye aliyeniambia, "Njoo huku, vilima vyetu ni vya kizee."

Baiskeli niliyopewa ilikuwa mtumba, fremu ya chuma, kijani iliyochunika, gia tatu mbele na saba nyuma. Mwanzoni nilinuna kidogo, maana kando yake ilisimama nyingine ya aluminiamu, nyepesi, tairi nyembamba, inang'aa. Kijana wa duka alikataa katakata kunipa ile. "Hiyo ni ya lami tupu, dada. Wewe una mizigo, na Rusinga utakutana na kokoto." Kwa ushauri huo nampa maksi zote. Tairi za ile ya kijani zilikuwa na upana wa karibu inchi mbili, na hakuzijaza upepo mpaka zikawa ngumu kama jiwe. Tairi pana lenye upepo wa wastani linameza mitetemo, mikono haifi ganzi. Rimu ni za inchi 26, saizi ambayo tyubu yake haisumbui kupatikana sokoni. Keria imefungwa kwa boliti kwenye fremu yenyewe. Zile za kubana kwenye nguzo ya kiti huanza kuyumba ukipita shimo la kwanza, na ukiwa na mzigo wa kilo kumi utajua hujui.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni gia ya chini kabisa. Iko chini kweli. Nilipanda vilima vya Seme nikiwa nimekaa, nikipumua kwa pua, nikipitwa na akina mama waliotoka kisimani. Walinicheka. Mmoja aliniuliza kwa nini nisishuke tu tutembee pamoja, nikakosa jibu la maana. Usukani nao uko juu, mgongo unakaa wima, kwa hiyo unaona ng'ambo ya ua za minyaa: mtama, mihogo, ng'ombe wamefungwa chini ya mwembe, mzee na redio yake. Kwa safari ya aina hii, baiskeli ya kuinama ungeimaliza ukitazama tairi la mbele.

Tandiko ndilo lililonikera. Ni laini mno. Wengi hudhani ulaini ndio starehe, lakini ukikaa saa mbili mifupa inazama, sponji inapanda pembeni na kuanza kukusaga mahali pasipotajika. Ukiwa na tandiko lako gumu ulilolizoea, beba, wanakufungia bila malipo. Raba za breki za nyuma zilikuwa zimekwisha nikiichukua, na nilipolalamika niliambiwa "bado zina maisha". Hazikuwa nayo.

Sasa njia. Ramani ya karatasi wanayokupa inaanzia mlangoni pao, katikati ya Kisumu, na hapo siwaelewi. Kutoka mjini hadi Kisian unagawana lami na malori ya kwenda Busia, matatu zinazofukuzana na boda boda zinazokupita kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Hakuna utalii hapo. Nilipandisha baiskeli juu ya Probox, dereva akaikaza kwa kamba za tyubu kuukuu, nikashushwa mbele ya Kisian, pale barabara inapogawanyika: ya kulia inapanda Maseno, ya kushoto inakwenda Bondo. Shika ya kushoto. Baada ya kilomita chache kelele zinabaki nyuma na unaanza kusikia mnyororo wako mwenyewe.

Nchi ya Seme ni ya mawe. Yamekaa mashambani mengine makubwa kuliko nyumba, na watu wamelima kuyazunguka. Kit Mikayi, ambayo ndiyo kubwa na maarufu, haiko mbali na barabara. Nilipofika asubuhi nilikuta waumini wamekuja kufunga na kuomba, wimbo unatoka kwenye nyufa za mwamba. Paingie, lakini acha baiskeli kwa mlinzi, usiisukume hadi ndani. Kutoka hapo hadi Ndori ni kupanda kidogo, kushuka kidogo, kupanda tena, na ziwa unaliona mara moja moja upande wa kushoto. Ndori unakata kushoto kwenda Luanda Kotieno, inakopandiwa feri ya Mbita.

Jambo ambalo duka halikuniambia, na lilistahili kuandikwa kwa wino mwekundu kwenye ile ramani, ni upepo. Jua likishapasha nchi kavu moto, hewa juu yake inapaa, na ya ziwani yenye ubaridi inaingia kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo asubuhi kumetulia, lakini kuanzia adhuhuri anayeelekea ziwani anaupokea usoni. Kilima ambacho ungekipanda ukipiga mluzi kinageuka mlima. Mvua za radi za upande huu pia hupenda alasiri na jioni. Mimi nilikuwa barabarani saa kumi na mbili na nusu, kukianza kupambazuka, na ikigonga saa tano nilikuwa natafuta kivuli na sahani ya ngege. Ukifanya hivyo, vilima hivi ni vya kizee kweli. Ukiondoka saa nne baada ya chai na mandazi ya pili, usije ukanilaumu.

Feri. Ratiba niliyopewa dukani ilikuwa ya zamani, kwa hiyo nilifika Luanda Kotieno nikaitazama feri mgongo. Nilikaa kibandani mpaka nikajua majina ya watoto wote wa mwenye chai. Kuvuka kwenyewe ni kuzuri: baiskeli unailipia nauli yake, inafungwa kwenye chuma cha ukingoni isianguke, kisha unapita mdomo wa Ghuba ya Winam, upande mmoja maji ya ghuba, upande wa pili ziwa lenyewe linakwenda hadi Uganda na Tanzania bila kizuizi. Furukombe alikuwa amekaa juu ya nguzo ya gati la Mbita akitutazama kama afisa wa forodha.

Kutoka Mbita unaingia Rusinga kwa daraja. Zamani palikuwa na tuta la udongo na mawe la miaka ya 1980, lililoziba mkondo wa maji. Siku hizi maji yanapita chini na mashua pia. Barabara inazunguka kisiwa, katikati kimesimama kilima cha Lunene, na ndiyo sehemu bora ya safari nzima. Magari machache. Ziwa haliondoki machoni. Ufukweni wanawake walikuwa wametandaza nyavu kuukuu na kumwaga omena juu yake, fedha tupu inayometa, na mmoja alikuwa akiigeuza kwa ufagio, kila mara akitupia jicho mawingu. Omena ikinyeshewa kabla ya kukauka hushuka thamani, inaishia kuwa chakula cha kuku. Harufu yake utaizoea, au hutaizoea.

Kasawanga simama. Hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi. Ndani mna picha na kumbukumbu zake, na nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kisiwa hiki pia ndicho Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita.

Ni kwenye kokoto za kisiwani spoki ilipokatika, gurudumu la nyuma, upande wa gia, mahali zinapokatikia mara nyingi kwa sababu ndipo mvutano na mzigo ulipo. Nilipiga simu dukani, maana waliahidi, "Ukipata shida tupigie, tunakuja." Mara ya kwanza haikupokelewa. Ya pili niliambiwa watatuma spoki kwa feri ya kesho.

Nikasukuma hadi kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa chini ya mti. "Oyawore," nikamwamkia kwa Kijaluo. "Oyawore ahinya. Kaa kivulini, nyathina," yaani mwanangu. Kubadilisha spoki ya upande huo kwa kawaida lazima ung'oe gia kwanza, na kifaa cha kung'olea hakuwa nacho. Hakujali. Alichukua spoki ndefu ya baiskeli ya Black Mamba, akaipima kwa ile iliyokatika, akakata kichwa kwa koleo, kisha akaukunja mwisho wake mara mbili kama ngazi ndogo. Ule mkunjo ukapenya tundu la habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa kuzungushwa kidogo tu, gia zikiwa mahali pake, akaufunga upande wa rimu kwa nati. Halafu akaanza kuzigonga spoki moja moja kwa ukucha, ametega sikio, anakaza hapa, analegeza pale, mpaka zikalia sauti moja. Alitaka shilingi 100. Gurudumu lilirudi Kisumu limenyooka.

Kwa nani ningependekeza? Kwa anayetaka kutembea akiwa amekaa. Kwa wanaotafuta kasi na jasho, hapana, na kwa aliye na watoto wadogo ningesema azunguke Rusinga tu, baiskeli ipande matatu hadi Mbita. Beba dawa ya mbu na ulale ndani ya neti, usitumbukize miguu ziwani hata maji yakikuita, kwa sababu ya kichocho, na jioni usikae karibu na mafunjo. Viboko hutoka kula usiku. Maji ya kunywa nilinunua madukani bila shida, ila kati ya Ndori na feri jaza chupa mbili.

Niliporudisha baiskeli, mwenye duka aliiinamia ile spoki yenye mkunjo, akaipiga picha, kisha akanipa amana yote pamoja na shilingi 100 za fundi. Hakuibadilisha, anataka kuona itadumu hadi lini. Raba za breki alizitoa na kuweka mpya nikiwa nimesimama hapo. Ratiba ya feri bado ni ile ile ya zamani, imebandikwa ukutani kwa selotepu, kwa hiyo kabla ya kuondoka uliza Mbita mwenyewe.