Kiongozi wa kutazama ndege niliyemlipa Gede na Mida, pwani ya Kenya: nyota nne

Nyota ya tano nimeikata kwa sababu ya mwendo wake. Bwana huyu ni mzaliwa wa hapo hapo, na msitu wa Arabuko-Sokoke anaupita kama uani kwake, haangalii nyuma. Mimi nina miaka 58 na goti bovu. Mara mbili nilibaki peke yangu na mbu.

Tulikutana kituo cha msitu cha Gede saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa pili. Bei tulikubaliana kwa simu: shilingi 4,000 kutwa, kiingilio juu yangu.

Tulipofika penye udongo mwekundu akaniashiria ninyamaze, akajipenyeza kichakani, kisha akanipungia mkono. Bundi wawili wa Sokoke, wamebanana kwenye kitawi usawa wa kifua changu, mmoja wa kijivu, mwenziwe rangi ya kutu. Hawafiki sentimita 20. Macho yangu yalishawapita mara mbili nikidhani ni majani makavu.

Nikapiga picha. Papo hapo akaniomba simu, akazima ile sehemu ya kamera inayoandika mahali picha ilipopigwa. "Mama, waandikie wenzako umewaona. Walipolala usiandike." Kusema kweli nilichukia, nimelipa mimi! Akaniambia picha ya namna hiyo ikizunguka, kesho watu wanakanyaga kichaka hicho hicho, wengine wanawachezea sauti za kurekodi ili wafumbue macho. Nao mchana ndio usiku wao.

Ila kwa ujuzi wa kutambua ndege hana choyo hata kidogo. Saa tisa alasiri tulikuwa hori ya Mida, siku ya bamvua, maji yanapanda na kuwasukuma ndege karibu na mikoko. Sululu, wale wa mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, alisema, mtazame kichwa kwanza: mwenye mistari ni yule mdogo, asiye nayo na mdomo umezidi urefu ni mkubwa. Halafu akanionyesha kitwitwi (Terek sandpiper) mwenye mdomo uliopinda kwenda juu, miguu ya rangi ya chungwa, anakimbia matopeni kama aliyeachwa na matatu. Huyo nimemwandika vibaya daftarini miaka miwili, na hakuna aliyenisahihisha.

Nilichokifuata hasa ni crab plover, wale ndege weupe kwa weusi wenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, wanaotaga kwenye mashimo ya mchanga huko Uarabuni na pembe ya Afrika, kisha wanakuja kwetu. Niliona mtoto wa kijivu, mkubwa karibu sawa na mzazi, anamfuata nyuma akilia apewe kaa. Safari yote hiyo ameruka, na bado analishwa!

Njoo na darubini yako. Yake ni moja, na ukiishika kupita dakika mbili anaanza kukohoa.