Toilet pepa tatu nilizozijaribu mwaka huu, kwa sisi tunaochamba kwa maji

Kwangu toilet pepa ni ya kujikaushia. Nimekulia Tanga, kopo la maji haliondoki chooni, karatasi inafuata baada ya maji. Shida ni kwamba nyingi ukizigusisha tu kwenye ngozi yenye maji zinamomonyoka na kunata mwilini kama unga wa ngano. Ndiyo maana tangu Januari nimekuwa nikibadili aina.

Nilianza na ile ya tabaka moja, shilingi 600 kwa Mangi mwenye duka. Ukiitazama imenona. Ibonyeze sasa: kidole kinazama hadi kwenye kibomba cha boksi, kipana kama mdomo wa glasi. Siku moja nikamwomba Mangi aiweke kwenye mzani wake wa sukari, ikasoma gramu 58. Ile ya tabaka mbili ya shilingi 900 ikasoma gramu 112. Mangi akacheka, "Kumbe mama siku zote nakuuzia upepo!" Fanya hesabu mwenyewe. Na hiyo ya 600 unakata vipande vinane kwa kazi ya vipande vitatu.

Ya pili niliinunua kwa ajili ya wageni wa Idi, ya pinki, inanukia waridi choo kizima. Nilijuta. Binti yangu wa miaka sita alianza kujikuna, akienda haja ndogo analia. Zahanati walipima mkojo, ukawa safi. Muuguzi akaniuliza tunatumia sabuni gani na toilet pepa gani, kisha akasema manukato na rangi huwasha ngozi laini ya huko chini, turudi kwenye nyeupe isiyo na harufu. Ndani ya wiki muwasho ukaisha. Sabuni nayo tuliibadili, kwa hiyo siwezi kuitupia lawama yote karatasi, ila kwangu hairudi. Muuguzi huyohuyo alimwonyesha mtoto kujifuta kuanzia mbele kwenda nyuma, kwa sababu njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi na iko karibu na njia ya haja kubwa. Ukifuta kinyume unawasafirisha vijidudu. Nina miaka 38 na sijawahi kuambiwa sababu, niliambiwa tu "fanya hivi".

Ya tatu ndiyo hiyo ya 900, nyeupe, haina harufu wala maua. Inakausha bila kuacha vipande, mradi uigandamize kidogo, usisugue. Kasoro yake ni kunyonya unyevu: chooni kwetu maji yanaruka, roli ikikaa sakafuni asubuhi unaikuta imevimba. Sasa inakaa kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, na mende nao hawaifikii.

Tishu za boksi nazo nina kisa nazo. Roli ziliisha katikati ya mwezi, tukawa tunatumia tishu za mezani chooni, na dada wa kazi akawa anatupa humo humo vile vitambaa vyenye unyevu vya kumfutia mtoto. Wiki ya pili maji yakaanza kupanda badala ya kushuka. Fundi bomba aliingiza waya, akavuta bonge la kijivu refu kama mkia wa ng'ombe, akaliweka kwenye ndoo, akaniita. "Njoo uone, dada. Hii siyo karatasi ya choo." Alipofungua bonge, vitambaa vilikuwa vizima.

Usiku ule nilichukua glasi mbili za maji. Moja nikatia kipande cha toilet pepa, nyingine tishu ya boksi, nikakoroga kwa kijiko. Toilet pepa ikawa uji muda huo huo. Tishu ya boksi asubuhi niliikuta bado nzima kama leso, nikaikamua na kuianika. Tishu hizo hutengenezwa zisichanike zikilowa, na ndiyo faida yake ukiwa na mafua. Vitambaa vya mtoto ni nyuzi kabisa, na hata vile vilivyoandikwa kwamba vinaruhusiwa chooni mimi navitia kwenye ndoo ya taka.

Fundi alichukua shilingi 40,000. Roli saba za pinki bado ziko kabatini, nazimalizia kwa kufutia vioo vya madirisha, na kwa kioo, kusema kweli, ziko vizuri.