Rili ya kuvulia papa: anza na breki

Rili nyingi zinazoshindwa na papa hushindwa kwenye breki, sehemu inayozuia mshipi usitoke ovyo. Gia huvunjika mara chache, na hendeli hupinda mara chache zaidi. Breki ndiyo inayochemka, ikaanza kushika na kuachia kwa mishtuko, kisha mshipi unakatika wakati papa mwenyewe hajavuta hata nusu ya nguvu zake. Ndiyo maana hapa tunazipima rili kwa breki kwanza, halafu bodi, halafu gia. Ukubwa wa spuli, yaani ngoma inayozungushiwa mshipi, ambao wanunuzi wengi huuangalia kabla ya yote, tunauweka mwisho.

Namba 30, 50, 80 na 130 zilizoandikwa kwenye rili ni daraja la mshipi kwa pauni: sawa na kilo 15, 24, 37 na 60. Breki hupangwa kwenye theluthi ya uwezo wa mshipi, au chini kidogo ya hapo. Rili ya 50 basi inafanya kazi kwenye kilo 8, ya 80 kwenye kilo 12, ya 130 kwenye kilo 20. Kwenye karatasi kilo 8 zinaonekana kidogo. Funga mzani kwenye ncha ya fimbo, mwambie mwenzako auvute hadi usome 8, kisha jaribu kuishikilia fimbo hiyo kwa dakika kumi. Kilo 12 zinataka mkanda wa kiunoni pamoja na ule wa mabegani unaonasa kwenye masikio ya rili. Kilo 20 zinataka kiti kilichofungwa kwenye sitaha. Papa mweupe wa kilo 1,208 aliyenaswa na Alfred Dean huko Ceduna, Australia, mwaka 1959, alivuliwa kwa mshipi wa daraja la 130. Anayevua akiwa amesimama, ufukweni au kwenye boti ndogo, rili ya daraja hilo inamlemea yeye kabla haijamlemea papa.

Usidanganywe na namba ya "breki ya juu kabisa" kwenye boksi. Namba hiyo haisemi breki itakuwaje baada ya papa kuchukua mita 300 kwa mkupuo mmoja. Mambo mawili hutokea hapo kwa pamoja. Washa, yaani visahani vya breki vinavyosuguana, hupata joto kali, kwa sababu nguvu yote ya papa inageuka kuwa msuguano ndani ya kiboksi kidogo. Na spuli inapungua unene: mshipi uliobaki ukiwa na nusu ya kipenyo cha mwanzo, breki ile ile uliyoipanga kilo 8 inavuta kilo 16, hata kama hujaigusa. Ongeza uzito wa maji yanayoburuta mshipi mrefu, na unaelewa kwa nini mkato mwingi hutokea papa akiwa mbali. Mvuvi anayeijua rili yake hulegeza breki papa anapokimbia, hakazi. Kwa hiyo rili nzuri ni ile inayokuruhusu kulegeza kidogo kidogo na kwa uhakika, na spuli yake ni pana kiasi kwamba kipenyo hakiporomoki haraka.

Hapo ndipo breki ya wenzo inapoishinda breki ya nyota, ile inayokazwa kwa gurudumu la umbo la nyota kando ya hendeli. Wenzo unausukuma kwa kidole gumba na unaona umefika wapi; alama ya kunasa, yaani kiwango ulichokipanga kwa mzani, iko pale pale kila mara. Nyota unaizungusha kwa kukisia, na katikati ya vurugu mtu hukaza zaidi ya alivyokusudia.

Penn Senator, iliyoanza mwaka 1936, bado ni rili ya papa ya heshima, na tunaipendekeza kwa anayeanza. Ina breki ya nyota, kasi moja, na sehemu chache ambazo mtu anaweza kuzifungua mezani kwa bisibisi. Ukiikuta ya zamani yenye washa zilizochakaa, weka za kaboni. Ndilo badiliko moja linaloifanya rili mpya. Udhaifu wake ni bodi ya vipande vilivyoshikanishwa kwa skrubu. Chini ya mzigo mzito fremu hupinda kidogo, spuli ikaanza kusugua ubavu. Kaza skrubu zote kabla ya kutoka, na usiisukume kupita kilo 10.

Shimano Tiagra na Penn International ni ngazi nyingine kabisa. Zote mbili ni za alumini, breki ya wenzo, gia mbili. Gia ya pili ndiyo inayomlaza papa. Gia ya juu inazungusha spuli takriban mara tatu kwa mzunguko mmoja wa hendeli, inafaa kukusanya mshipi uliolegea papa mwenye kasi kama mako anapogeuka na kukukimbilia. Papa akizama na kukaa kama jiwe chini ya boti, gia hiyo haisogei. Unabonyeza kitufe kilicho katikati ya hendeli, uwiano unashuka hadi karibu 1.3 kwa 1, na unaanza kupata mshipi sentimita kwa sentimita. Ukubwa wa 50 wenye spuli pana ndio chaguo letu kwa wavuvi wengi. Chukua 80 ikiwa unavua kutoka ufukweni na chambo kinapelekwa mbali kwa kayaki, mahali ambapo huwezi kumfuata papa.

Rili zenye upinde wa waya, mfano Shimano Stella SW au Penn Slammer za ukubwa wa juu, zina breki nzuri mno kwa papa wadogo na wa kati, na zinarusha chambo vizuri. Lakini mshipi unapiga kona ya digrii 90 kwenye rola, na hakuna gia ya chini. Anayezungusha hendeli huku papa akivuta anaumiza gia bure. Inua fimbo kwanza, kisha kusanya wakati wa kuishusha.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili. Panga breki kilo 8 kwa mzani, kisha vuta polepole. Tazama sindano pale spuli inapoanza kuzunguka: ikiruka hadi 10 kabla ya kurudi 8, iache. Vuta tena haraka, mara kadhaa, hadi uhisi joto ubavuni, halafu pima upya. Sogeza wenzo hadi mwisho, kandamiza hendeli kwa nguvu, ukiangalia mwanya kati ya spuli na bodi, usibadilike. Rudisha wenzo mwanzo: spuli izunguke huru. Ikigoma, kifundo cha kupangia kimekazwa kupita kiasi. Kifundo hicho kigeuzwe wenzo ukiwa umelegezwa kabisa tu.

Kwenye spuli, mshipi wa kusuka usianzie chini moja kwa moja, kwani wote utateleza kama kitu kimoja. Zungusha kwanza nailoni kidogo, ufuate wa kusuka, ujaze kwa nailoni mita 100 juu. Kutoka ufukweni, jumla isipungue mita 500. Nailoni nyingi iliyokazwa hubana spuli kwa nguvu ya ajabu na inaweza kupasua ya plastiki, hivyo sisitiza alumini. Mbele weka waya wa mita moja kwa ajili ya meno, kisha nailoni nene iliyo ndefu kuliko papa mwenyewe, kwa kuwa ngozi yake inakereza mshipi kama msasa.

Nguvu ya rili ina faida kwa papa pia, ikiwa atarudishwa majini. Papa nyundo huchoka vibaya, na wengi hufa baada ya kuachiwa kutokana na pambano refu. Rili dhaifu inayorefusha vita kwa saa mbili inamwua hata ukimwachia kwa upole. Spishi kadhaa zinalindwa kisheria, papa mweupe wa Australia akiwa mmojawapo, kwa hiyo jua sheria ya maji unayovua.

Baada ya safari, nyunyiza maji baridi kwa mkondo mwepesi breki ikiwa imekazwa, maji yasipenye. Futa, kisha legeza breki kabisa kabla ya kuihifadhi, washa zisilale zimebanwa. Chumvi iliyokauka juu ya washa ndiyo inayoleta mishtuko safari inayofuata. Grisi ya kawaida usiitie humo, inayeyuka kwa joto. Breki nyingine zinataka grisi yake maalumu, nyingine hufanya kazi kavu, na kitabu cha rili ndicho kinachosema ipi ni ipi.